Balozi wa Kijani kutoka Ozaga

Nchi hii ina jina zuri, lakini kulitumia katika maandishi kunahitaji kibali, na ofisi inayotoa vibali imefungwa ili ipakwe rangi. Msomaji atuvumilie. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, ambamo kila raia ameridhika, na yule ambaye bado hajaridhika hupewa muda wa kujirekebisha.

Ilikuwa na kituo kimoja cha televisheni, na kituo hicho kilikuwa na tamthilia moja iliyopendwa, iitwayo Kikosi cha Anga. Kila Jumamosi jioni chombo kilichoundwa kwa matangi mawili ya maji na mabati ya kuezekea kiliruka kwenda sayari mpya, na sayari zote zilifanana na machimbo ya kokoto yaliyo nyuma ya studio. Mbele alikaa Kapteni, mwanamume mwenye kidevu. Nyuma ya Kapteni, kushoto kidogo, karibu na mlango usiofunguka, alisimama Luteni Gwaru wa sayari ya Ozaga.

Gwaru alikuwa wa kijani. Kichwani alikuwa na vipapasio vitatu, viwili vya kusikilizia na cha tatu ambacho mwandishi wa tamthilia hakuwahi kukipangia kazi. Hakupewa silaha, hakupewa mchumba, na katika misimu yote hakuwahi kumwokoa mtu. Kazi yake ilikuwa kumngoja Kapteni aeleze balaa lililowakabili, kisha kusema, kwa mshangao wa upole, "Kwetu hilo halipo."

Kapteni akisema, "Injini imekufa, na fundi anasema spea italetwa mwakani," Gwaru alisema, "Kwetu hilo halipo." Kapteni akisema, "Hawa wafalme wa nyota wamepeana ardhi yote wao kwa wao," Gwaru alisema, "Kwetu hilo halipo."

Maneno hayo yalitoka kwenye kioo yakaingia mitaani. Katika foleni ya sukari, watu wakiambiwa kwamba mzigo umeishia kwa wakubwa, foleni nzima iliitikia kwa pamoja, "Kwetu hilo halipo!" Polisi walichunguza, wakaona hakuna sheria iliyovunjwa, kwani waliokuwa wakisifiwa ni Waozaga.

Ndani ya Gwaru alikuwamo Shaibu Ndomba, kijana aliyesomea uigizaji akitarajia kuwacheza wafalme. Hakuwa na kinyongo. Alikuwa na jambo kubwa zaidi la kufikiria. Posa yake kwa Mwantumu Kisoki, mfamasia wa hospitali ya wilaya, ilikuwa imekubaliwa baada ya washenga kukalishwa barazani kwa mzee Kisoki mpaka bata wa pale wakawazoea. Harusi ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili kwa sababu ya ratiba za studio, na mzee Kisoki alikuwa ametamka wazi: ikiahirishwa tena, binti yake ataolewa na Mchopa, mwenye mashine ya kukoboa mpunga.

* * *

Sasa ni lazima kueleza desturi moja, kwa kuwa yote yaliyofuata yalitoka humo. Katika nchi nyingine, kiongozi akiteleza ulimi, msaidizi humsahihisha kwa kumnong'oneza. Hapa huo ni utovu wa adabu. Kauli ya Mlezi Mkuu, maana ndicho cheo cha kiongozi wa nchi, haisahihishwi. Kinachosahihishwa ni dunia.

Kazi hiyo ina idara yake, Idara ya Ulinganisho, yenye jengo la ghorofa tano na lifti ambayo Mlezi Mkuu aliwahi kusema inafanya kazi. Kwa hiyo wafanyakazi huingia ndani ya lifti kila asubuhi, husimama kwa muda wa heshima, kisha hutoka na kupanda ngazi. Mlezi Mkuu aliposema kwamba mto wa mji mkuu unaelekea kaskazini, pampu zilifungwa na mto ukaelekea kaskazini, ingawa kwa shingo upande. Alipomwona mbuzi kwenye maonyesho ya kilimo akamsifu kuwa ni farasi hodari, mbuzi yule aliandikishwa jeshini, akapanda hadi cheo cha koplo, na alipokufa alipigiwa mizinga. Watu wa nchi hii si wajinga. Wanajua mbuzi ni nini. Wanajua pia adabu ni nini, na wakilazimika kuchagua hawasiti.

Siku ya maadhimisho ya Kikosi cha Anga, Mlezi Mkuu alitembelea studio. Alikuwa mzee mfupi, mkimya, mwenye tabia ya kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu. Alimpa mkono Kapteni. Alimpa mkono mwandishi, ambaye hakuuosha mkono huo tena. Kisha akafika kwa Luteni Gwaru, akavitazama vipapasio kimoja kimoja, akasema:

"Karibu nchini, mgeni wetu. Safari haikukuchosha?"

Hapo Shaibu akafanya kosa ambalo kila mtu aliyelelewa vizuri angelifanya. Mtu wa nchi hii akiulizwa na mkubwa habari za safari, hujibu kuwa ni njema, hata kama hajatoka kitandani.

"Njema, Mheshimiwa," alisema. "Haikunichosha hata kidogo."

Mlezi Mkuu akapita. Nyuma yake alikuwa akitembea mwanamume mrefu mwenye suti ya kijivu na kalamu mkononi. Huyo hakupita. Alikuwa Tendegu Mahimbo, Mkurugenzi wa Idara ya Ulinganisho.

"Mheshimiwa Balozi," alisema, akiinama.

Shaibu aligeuka kumtafuta balozi. Nyuma yake kulikuwa na mlango usiofunguka.

"Balozi yupi?"

"Mgeni wa Mlezi Mkuu, aliyevaa sare, kutoka mahali ambapo hatuna uhusiano napo. Nimelipima hapa nilipo. Cheo kinachofaa ni balozi."

"Ndugu, mimi ni Shaibu Ndomba. Nakaa Mtaa wa Mikorosho, nyuma ya kisima. Hii ni rangi. Ngoja ninawe uone."

"Naomba usinawe," alisema Mahimbo, kwa upole wa daktari anayemzuia mgonjwa asiamke.

* * *

Walimpa nyumba kubwa nyeupe yenye bustani na mlinzi. Walimpa bendera ya Ozaga, iliyoshonwa haraka kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya Wizara ya Mifugo. Idara ilitazama tamthilia yote tangu mwanzo ili kujua Waozaga wanakula nini, na ikakuta sehemu moja tu ambamo Gwaru alionekana akila. Siku hiyo mwandishi alikuwa na haraka, na Gwaru alikula mshumaa. Basi mezani kwa Balozi paliwekwa mishumaa mara tatu kwa siku, ule wa asubuhi ukiwa umewashwa. Mpishi, aliyekuwa na huruma, alimfichia maandazi chini ya kitambaa.

Shaibu alikwenda kwa Mahimbo kudai uso wake.

"Tuna tatizo jingine, Mheshimiwa Balozi," alisema Mahimbo kabla hajasikia la kwanza. "Raia mmoja, Ndugu Shaibu Ndomba, hayupo kazini na hayupo nyumbani. Idara ililazimika kujiuliza yuko wapi."

"Yuko mbele yako!"

"Mbele yangu yuko Balozi wa Ozaga. Na Ozaga ikituletea balozi, adabu inatutaka na sisi tupeleke wa kwetu. Tulihitaji mtu ambaye hayupo nchini. Tulipata mmoja tu."

"Mimi?"

"Yeye. Ameshaondoka. Pongezi zimepelekwa kwa mama yake."

"Atakaa huko muda gani?"

"Kwa kawaida ni miaka minne. Lakini Ozaga ni mbali, tumemwongezea ya njiani."

"Ijumaa ya mwisho wa mwezi ninaoa!"

Mahimbo alinyanyua kalamu. "Balozi anaoa?"

"Shaibu anaoa!"

"Ah," alisema Mahimbo, akiishusha. "Ndugu Shaibu hayupo. Inasikitisha. Angetujulisha mapema tungemtafutia sayari ya karibu."

* * *

Itifaki ilimtaka Balozi wa Ozaga kumtembelea mama wa balozi mwenzake. Bi Chausiku, mamake Shaibu, alikuwa mjane aliyeuza vitumbua na hakuwahi kutembelewa na mgeni kutoka hata wilaya ya pili. Alimpokea mlangoni.

"Karibu, baba. Viatu uache hapo."

Alimtambua kabla hajaketi. Mama hana haja ya uso, na visigino vya Shaibu havikuwa vimepakwa rangi. Lakini afisa wa Idara alikuwa amesimama mlangoni, na Bi Chausiku alikuwa na akili zake.

"Mwanangu hajambo huko kwenu?" aliuliza, akimimina chai.

"Hajambo, mama. Anakusalimu."

"Anakula?"

"Anapewa mishumaa."

"Astaghafirullah. Mwambie ajikaze. Tena mwambie kwa mzee Kisoki kuna maneno. Washenga wa Mchopa wamekuja, na wamekaribishwa mpaka ndani. Mzee anasema mkwe aliye sayari nyingine ni kama mkwe aliyekufa, tofauti ni kwamba aliyekufa huacha kitu."

"Na Mwantumu anasemaje?"

"Anasema akimpata mwanangu atamfinya. Kwa hiyo bado anampenda. Lakini mzee ameapa: Ijumaa ni ile ile, turubai ni lile lile, pilau ni ile ile. Kitakachobadilika ni bwana harusi."

"Mama!"

"Nini tena, mgeni? Kumbe na kwenu watu wanalia?"

Rangi ilikuwa imeanza kuchirizika. Afisa wa Idara aliandika kwamba Waozaga wakisikia habari za ndoa hutokwa na jasho la kijani machoni, na taarifa hiyo ikaingizwa katika mtaala wa shule za msingi.

* * *

Kesho yake alifika ubalozini mwombaji wa kwanza wa viza ya Ozaga. Alikuwa Mwantumu Kisoki, amevaa koti lake jeupe la kazini, na alizungumza kwa sauti ile anayotumia kueleza kama kidonge kimezwe kabla au baada ya chakula.

"Mchumba wangu amepelekwa Ozaga bila kuniaga," alimwambia Mahimbo, aliyekuwa akisimamia mambo ya ubalozi mpaka Waozaga wazoee. "Nataka kumfuata nikamwulize."

"Idara haijaandaa utaratibu wa viza, bibie."

"Kwetu," alisema Shaibu upesi, "mwombaji huhojiwa na balozi faraghani. Mlango ukiwa umefungwa."

Mahimbo akaandika, akatoka. Hapo Shaibu akatambua jambo ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo: hakuna mtu aliyejua mila za Ozaga ila yeye. Ozaga nzima alikuwa yeye.

Mlango ulipofungwa, Mwantumu alimtazama kuanzia vipapasio hadi viatu.

"Hiki," alisema, "ndicho nilichomkatalia mwenye mashine ya kukoboa."

"Mwantumu, mpenzi..."

"Usinisogelee, koti ni jeupe. We Shaibu, hukuweza kusema, 'Mheshimiwa, mimi ni mwigizaji'? Maneno manne."

"Aliniuliza habari za safari. Nikajibu njema. Ni adabu tu."

"Na angekuuliza habari za mkia ungesema haujambo?"

Shaibu alifikiri. "Ningesema unaendelea vizuri."

"Basi mimi nitamwambia. Mzee huyo yuko wapi mtu akimtaka?"

"Keshokutwa kuna dhifa ya mabalozi. Kila balozi na mkewe. Lakini huwezi kuingia, Idara wananitafutia mke."

"Wanakutafutia nini?"

"Mke wa kiitifaki. Mtu wa Posta. Nasikia ni mrefu mrefu, watampaka rangi."

Mwantumu alivua koti lake jeupe, akalikunja taratibu. Wanaomfahamu wangejua kwamba huo si muda mzuri wa kukaa karibu naye.

"Mwambie Mahimbo mkeo amewasili," alisema hatimaye. "Amekuja jinsi Waozaga wanavyokuja, wewe usieleze. Na huyo wa Posta akafunge vifurushi vyake. Rangi iko wapi?"

* * *

Dhifa ilikuwa na meza ndefu na hotuba ndefu kuliko meza. Waziri wa Mambo ya Mbali alieleza kwamba uhusiano na Ozaga ni wa kihistoria, wa kindugu, na wa tangu wiki iliyopita. Alitangaza kwamba biashara kati ya nchi hizi mbili haijapungua hata kidogo. Watu walipiga makofi.

Mwantumu, kijani kuanzia shingoni kwenda juu, alikaa karibu na Shaibu akirudia maneno yake kimoyomoyo. Alikuwa ameyapanga vizuri: Mheshimiwa, huyu si balozi, ni Shaibu Ndomba wa Mtaa wa Mikorosho, na Ijumaa ijayo ananioa. Mlezi Mkuu alikuwa akizunguka meza, akisalimia. Alifika kwao, akasimama.

Mwantumu alivuta pumzi.

"Shemeji amependeza," alisema Mlezi Mkuu. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, Mheshimiwa," alisema Mwantumu. "Wanakusalimu."

Mlezi Mkuu akapita. Mwantumu alibaki ameweka mkono kinywani. Alikuwa amelelewa katika nchi ile ile, na huenda alilelewa vizuri zaidi.

"Wanakusalimu," alirudia Shaibu polepole. "Mimi hata sikusema wanakusalimu."

"Nyamaza."

Nyuma yao kalamu ya Mahimbo ilikuwa imesimama hewani. Mlezi Mkuu alikuwa amesema watoto. Picha ya familia ya Balozi ilipangwa kupigwa asubuhi. Na mtoto yeyote wa kuonekana mbele ya Mlezi Mkuu lazima kwanza apekuliwe na vyombo husika, kazi ambayo haimalizwi upesi, kwani vyombo husika hurudi nyuma mpaka babu wa babu. Katika mji mkuu wote, watoto waliokwisha kupekuliwa walikuwa wawili tu. Walikuwa mabinti pacha wa Mahimbo mwenyewe.

Walipakwa rangi asubuhi. Kufikia mchana walikuwa Waozaga kamili. Katika ile nyumba kubwa nyeupe walikuta bustani, televisheni, maandazi ya kufichwa, na balozi aliyejua kuiga sauti ya injini ya chombo cha anga. Jioni Mahimbo alikuja kuwachukua.

"Haya, twendeni. Kuna kazi za shule."

"Kwetu hilo halipo," alisema wa kwanza.

"Na mnatakiwa kulala mapema."

"Kwetu hilo halipo," alisema wa pili.

Alipojaribu kuwashika mkono, mlinzi alimweka kando kwa heshima. Ubalozi ni ardhi ya Ozaga, watoto ni wa Balozi kwa kauli ya Mlezi Mkuu, na raia hawezi kuingia ardhi ya kigeni na kuondoka na watoto wa watu. Amri hiyo ilikuwa ukutani, na sahihi ilikuwa ya Mahimbo.

* * *

Mahimbo alirudi siku ya Jumatano, suti ikiwa imekunjamana, akaketi kwenye kiti cha waombaji. Ijumaa ya harusi ilikuwa keshokutwa. Kwa mzee Kisoki turubai lilikuwa limeshafungwa, na Mchopa alikuwa ameonekana akijaribu kanzu mpya.

"Jina?" aliuliza Shaibu.

"Mheshimiwa Balozi, unanijua."

"Sababu ya safari?"

"Kuwabusu wanangu."

"Wanao?" alisema Shaibu. "Mlezi Mkuu amesema ni wangu."

Mahimbo alivua miwani. "Mama yao amehamia kwa dada yake. Amesema nisimpigie mpaka niwe na watoto ambao si wa kijani. Miaka yote nimekuwa nikilinganisha watu, Mheshimiwa. Sikujua kwamba kulinganishwa kunauma."

Shaibu alitaka kumfariji. Mwantumu, aliyekuwa amekuja kupakwa rangi ili ahudhurie mahojiano, alimkanyaga mguu.

"Ndugu Mkurugenzi," alisema, "hebu tuisome dawa vizuri. Mlezi Mkuu alimwambia huyu nini siku ya kwanza?"

"'Karibu nchini, mgeni wetu.'"

"Alisema akae milele?"

Mahimbo alivaa miwani. Macho yake yalianza kurudi kazini. "Hakusema akae. Alisema karibu."

"Na mgeni aliyekaribishwa, mwisho wake nini?"

"Huaga," alisema Mahimbo taratibu, kama mtu anayeona mlango kwenye ukuta alioujenga mwenyewe. "Lakini balozi haagi hivi hivi. Ni lazima aitwe nyumbani na serikali yake."

"Nimeshaitwa," alisema Shaibu.

"Lini?"

"Sasa hivi." Aligusa kipapasio cha tatu. "Wananitaka kesho, mimi na familia yote. Na Ndugu Shaibu Ndomba wanamrudisha kwa chombo hicho hicho. Wanasema amewamalizia mishumaa."

"Na watoto?"

"Watafika salama," alisema Mwantumu. "Na wataoga."

Mahimbo aliinuka, akampa Shaibu mkono kwa mikono miwili. Alipogeuka kutoka, mkono wake mmoja ulikuwa wa kijani, na hakuufuta.

* * *

Alhamisi wilaya nzima iliamriwa kujitokeza uwanja wa ndege kwa hiari. Bendi ilipiga wimbo wa taifa wa Ozaga, ambao ulikuwa wimbo wa taifa wa nchi yenyewe ukipigwa kwa kasi. Mlezi Mkuu alikuja kumuaga Balozi na, kwa kuwa alikuwa ameshafika, kumpokea Shaibu.

Balozi na familia yake waliingia ndani ya matangi mawili ya maji. Trekta liliyavuta mpaka nyuma ya ghala la ndege. Umati ulipunga mikono. Kutoka nyuma ya ghala ikasikika sauti ya injini ya chombo cha anga, iliyotoka kinywani mwa mtu, kisha sauti ya ndoo za maji na ya watoto wakilalamika kwamba sabuni imewaingia machoni. Baadaye kidogo trekta lilirudi likivuta matangi yale yale, na akashuka Shaibu Ndomba, mwembamba, mwenye uso wake mwenyewe. Hakuna aliyeshangaa. Bi Chausiku alipiga vigelegele. Mwantumu alijitokeza upande wa pili wa ghala akiwa na nywele zilizolowa, akasimama karibu na baba yake kana kwamba alikuwepo tangu asubuhi.

"Mvua imekunyeshea wapi?" aliuliza mzee Kisoki.

"Kazini," alisema Mwantumu.

Mzee Kisoki aliguna. Upande wake wa kushoto walisimama washenga wa Mchopa, na Mchopa mwenyewe katika ile kanzu. "Amerudi, sawa," alisema mzee. "Lakini leo amerudi, kesho ataitwa. Mimi sitaki mkwe wa kuitwa itwa. Mpaka nipate neno lililo juu ya neno langu, harusi ni ya Mchopa."

Mlezi Mkuu alikuwa amemfikia Shaibu. Alimshika mkono, akamtazama kwa muda wake mrefu. Akaona rangi kidogo ya kijani nyuma ya sikio la kushoto. Akatoa kitambaa, akaifuta, na akiwa ameinama karibu hivyo akasema, kwa sauti ambayo hata Mahimbo hakuisikia:

"Siku ile studioni nilikuwa natania. Nikangoja mcheke. Hakuna aliyecheka."

Kisha akakunja kitambaa, akaenda zake kwenye gari.

Mahimbo alikuja mbio, pacha wake wawili wakimshikilia koti, kalamu tayari.

"Kauli! Amesema nini?"

Shaibu alilipima jambo hilo. Akisema ukweli, Idara italinganisha upya kila kitu kilichotokea tangu siku ile. Tume itaundwa. Wote waliokuwa studioni wataulizwa kwa nini hawakucheka. Harusi itaahirishwa mpaka matokeo ya tume, na kwa hesabu za nchi hii Mwantumu atakuwa na wajukuu wa Mchopa. Upande wa pili alimwona mzee Kisoki akitega sikio. Akamwona Mwantumu, ambaye hakuwa akitega sikio. Alikuwa akimtazama yeye, na alikuwa amekunja vidole tayari kumfinya.

Kwa mara ya kwanza tangu balaa lianze, Shaibu hakujibu kwa adabu.

"Amesema kesho nimwoe Mwantumu Kisoki," alisema kwa sauti ya kupanda jukwaani, "na mzee Kisoki afurahi."

Mahimbo aliandika, kisha akageuka kumtazama mzee Kisoki, ambaye alianza kufurahi hapo hapo.

"Na mimi?" aliuliza Mchopa. "Hakuna kauli inayonihusu?"

Shaibu hakuwa mtu mbaya. "Ameisifu mashine yako. Amesema hakuna nyingine kama hiyo."

Mchopa alirudi nyumbani kwa fahari. Usiku huo huo Idara iliziondoa mashine nyingine zote za kukoboa nchini.

"Kuna lingine?" aliuliza Mahimbo.

Shaibu alitazama lile gari refu. Mlezi Mkuu alikuwa ameketi nyuma peke yake, akitazama kiti cha mbele.

"Amesema akitania, watu wacheke."

Mahimbo alisita, kalamu ikiwa imegusa karatasi. "Tutajuaje kama anatania?"

"Hilo hakusema."

* * *

Ijumaa Shaibu alioa, akiwa na uso wake. Mwantumu alimfinya wakati wa kupigwa picha, mara moja tu, lakini kwa ustadi. Mlezi Mkuu alikuja bila kualikwa, akaketishwa meza ya mbele, na Idara nzima ya Ulinganisho ikajipanga nyuma yake, kwa kuwa ilikuwa haijapata namna ya kutofautisha, na iliona heri kuzidisha kuliko kupunguza.

Mlezi Mkuu alionja pilau.

"Haina chumvi," alisema.

Idara ikaangua kicheko. Wengine walishikana mabega, wengine walifuta machozi, na mhasibu mmoja ilibidi atolewe nje.

Mlezi Mkuu aliangalia nyuma, akaangalia sahani. "Naomba chumvi," alisema.

Walicheka mpaka turubai likatikisika. Mahimbo alipiga meza kwa kiganja. Mlezi Mkuu akauliza wanacheka nini, na hapo ndipo wawili wakaanguka chini kabisa. Mlezi Mkuu alikaa na mkono wake umenyooshwa juu ya meza, kiganja wazi, akimtazama mmoja baada ya mwingine.

"Mume wangu," alisema Mwantumu, "mpe mzee chumvi."

Shaibu akainuka, akazunguka meza, akampa.